Pole na Nini?

Ndugu msomaji, naanza na salamu, maana kwetu bila salamu hakuna mazungumzo. Ukimkuta mtu shambani unamwambia pole na kazi. Akishuka kwenye basi, pole na safari. Akirudi makaburini, pole na msiba. Pole yetu haipendi kusimama peke yake, hutaka ifuatwe na kitu kinachoonekana. Sasa hebu niambie, mtu aliyelala masaa tisa mfululizo, akaamka jua limeshapanda, akaketi kwenye kigoda na kusema, "Jamani, nimechoka," huyo utampa pole na nini?

Mtu huyo ni mimi. Nina miaka ishirini na minne, nilimaliza kidato cha nne nikapata divisheni ya nne, nikajiambia kwamba ulimwengu umekosa hesabati yangu lakini utapata riwaya zangu. Tunaishi Morogoro, mama, dada yangu na mie. Kabla ya hapo nilikaa kwa mjomba Ifakara karibu mwaka mzima, nikilima bustani ya mchicha pekupeku, jembe mkononi na riwaya kichwani. Niliporudi nyumbani ndipo uchovu ulipoanza. Au tuseme ndipo nilipoanza kuuona.

Haukuwa uchovu wa kazi. Uchovu wa kazi naujua, una utamu wake. Ukioga na kula, ukilala, asubuhi haupo. Huu ulikuwa unaamka nami. Nalala saa tatu usiku, naamka saa kumi na mbili, na mwili ni kama gunia la mchanga lililonyeshewa. Nikipanda kile kimlima cha kwenda bombani, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa na mbwa. Nikishika kalamu, mstari wa tatu tayari macho yanafumba. Kaunta buku yangu ilikuwa imejaa sura za kwanza.

Basi kila mtu akawa na maelezo yake. Mama mkubwa alisema ni jini. Jirani akauliza kwa upole kama nimeanza bangi. Mjomba wangu mwingine, mzee wa Dar es Salaam, alikuja kututembelea, akanikuta nimejinyoosha mkekani saa nne asubuhi. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimelala, kosa ambalo mpaka leo naona haya kulitaja. Akasema, "Wewe umefanya nini hata uchoke?" Halafu akanikumbusha Nguvu Kazi. Vijana wenzangu huenda hawakuisikia: mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kumtaka kila mwenye uwezo awe na kazi, na mjini Dar es Salaam watu walioonekana wanazurura walikamatwa, wakapelekwa vijijini kulima. Mjomba alisema mimi nimebahatika kuchelewa kuzaliwa.

Swali lake ndilo lililonifanya nikae niandike makala hii. Umefanya nini hata uchoke? Lisikilize vizuri. Linauchukulia uchovu kama mshahara: fanya kazi kwanza, kisha njoo dirishani uchukue uchovu wako, na pumziko juu yake. Asiyefanya kazi akionekana na uchovu, basi kauiba mahali. Nililala nikiuwaza uonevu wa swali lile, lakini siwezi kudanganya, nilikuwa pia naliamini. Mtu akiitwa mvivu mwaka mzima, mwishowe naye hujichungulia moyoni kama mwizi anayekagua mifuko yake mwenyewe. Nilijua kwamba mvivu hataki, na mchovu anataka ila mwili haumpi. Lakini wote wawili wamelala kwenye mkeka mmoja, na ukiwatazama toka mlangoni huwezi kuwatofautisha. Kuna siku nami, niliye ndani ya ngozi hii, nilishindwa kuwatofautisha.

Mwishowe mama akatoa fedha zake za kikoba, tukaenda hospitali. Mganga mmoja kijana akanivuta kope ya chini, akatazama, akasema, "Mh." Wakanitoboa kidole. Wakachukua na choo. Damu yangu ilikuwa 7.9, na mwanamume anatakiwa asipungue 13. Kwenye choo wakaona mayai ya minyoo ya safura.

Ndugu msomaji, utanicheka, lakini nilifurahi! Nilitoka pale na karatasi yangu kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilimwonyesha mama, nikamwonyesha jirani wa bangi, nikampigia mjomba simu Dar es Salaam nikamsomea tarakimu. Nilikuwa nimepata shahidi. Safura huingia kwa miguu. Kiluwiluwi chake hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na vinyesi, kikapenya ngozi ya nyayo, kikasafiri na damu mpaka mapafuni, kikapanda kooni, kikamezwa, kikafika kwenye utumbo mwembamba na kujishikiza pale kwa meno kinyonye. Kwa hiyo wakati nyumbani wananiita kupe, kumbe kupe wenyewe walikuwa ndani yangu, wengi tu.

Baadaye nilisoma jambo lililonipa nguvu zaidi. Huko Marekani, watu maskini wa majimbo ya kusini walikuwa wakisifika kwa uvivu, wakitaniwa vizazi na vizazi. Mwaka 1902 mtaalamu mmoja wa vimelea, Charles Wardell Stiles, akatangaza kwamba wengi wao wana safura. Magazeti yakachekelea kwamba kijidudu cha uvivu kimepatikana. Mwaka 1909 tajiri Rockefeller akatoa dola milioni moja ya kupambana na minyoo hiyo, watu wakapewa dawa na kufundishwa kuchimba vyoo. Waliwahurumia watu au waliihurumia pamba iliyokuwa ikisubiri mikono? Labda vyote viwili. Lakini fikiria wale waliokufa kabla ya 1902. Walizikwa na jina la uvivu, na hakuna aliyerudi makaburini kuwaomba radhi.

Nikapewa dawa ya minyoo, nikapewa na vile vidonge vya kuongeza damu vinavyogeuza choo kikawa cheusi kama lami. Nikakatazwa kunywa chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Kwa mtu wa nyumba yetu, ambako chai ndiyo chakula chenyewe siku nyingine, hilo lilikuwa sharti gumu kuliko vidonge. Miezi ikapita. Damu ikafika 13.6. Kimlima cha bombani nikakipanda na ndoo mbili, moyo umetulia.

Hapa ndipo shida yangu ya kifalsafa inapoanza, maana asubuhi bado naamka nimechoka.

Si kama zamani, la. Miguu ni mizima. Lakini nikifumbua macho, kabla sijakumbuka jina langu, nakumbuka kwamba nimechoka. Nikarudi hospitali. Mganga yuleyule akaniambia kwa furaha, "Huna kitu." Sikuwahi kusikia neno jema likiniumiza namna ile. Sina kitu! Shahidi wangu kaondoka mahakamani, na kesi bado inaendelea.

Nikajiuliza: kama mwaka ule nisingekuwa na minyoo, ningekuwa nasema uongo? Uchovu ulikuwa uleule mwilini mwangu siku moja kabla ya kipimo na siku moja baada yake. Kilichobadilika ni sura za watu, na yangu ikiwemo. Maana yake sisi hatukuwa tunauliza kama nimechoka, tulikuwa tunauliza kama ninayo ruhusa ya kuchoka. Hayo ni maswali mawili. La kwanza anayeweza kulijibu ni mchovu mwenyewe. La pili tumewapa wenye vipimo, wajomba na majirani.

Nina dhana yangu kuhusu uchovu huu uliobaki. Mswada wa riwaya yangu, kaunta buku tatu nilizoziandika upya mara mbili kwa mkono, uko kwa mchapishaji mmoja mwaka na nusu sasa. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Kila nikipita dukani wananiuliza, "Vipi, kitabu?" Ajira sina, za kubangaiza zipo leo, kesho hazipo. Umewahi kusimama kwenye foleni ndefu ya hospitali au ya benki? Hujatembea hata hatua kumi, lakini ukifika dirishani magoti yanauma kuliko ungetembea maili tatu. Kusubiri ni kazi, ila haina jasho la kuonyesha. Huko mitaani wanasema "jamaa kachoka" wakimaanisha kafulia, nguo zimepauka na viatu vimeisha upande mmoja. Zamani niliona ni utani tu. Sasa naona waliounganisha kuchoka na kukosa walikuwa na akili.

Nilimweleza hayo rafiki yangu mmoja wa bodaboda. Akaniambia, "Wewe bwana unautetea uvivu kwa maneno ya kitabu. Tukimwamini kila anayesema kachoka, nani atasonga ugali?" Nakubali kwamba swali lake ni zito kuliko la mjomba. Nimelizungusha siku nyingi. Jibu langu ni kwamba tumechanganya kumwamini mtu na kumwondolea kazi. Ndoo lazima ijazwe, hilo halina mjadala. Lakini kubeba maji ukiwa umechoka na waliokutuma wanajua umechoka ni kitu kimoja, na kubeba maji yaleyale huku ukiitwa kupe ni kitu kingine. Maji ni lita ishirini kote kuwili. Mie nimeyabeba kwa namna zote mbili, na nakuhakikishia uzito wake haulingani.

Rafiki yangu alikaa kimya kidogo, akawasha pikipiki, akasema, "Haya. Na dada yako, yeye kachoka?"

Nilitaka kumjibu kwa haraka nikakuta sina jibu.

Dada yangu anaamka saa kumi alfajiri. Anakanda unga, anakaanga maandazi, saa kumi na mbili yupo kibarazani anauzia wanafunzi na madereva. Mchana sabuni na nguo za watu, jioni chakula chetu. Analala saa tano. Wakati wa kesi yangu yote, nilipokuwa nadai niaminiwe, ni yeye aliyekuwa akinipikia maharage yale ya kuongeza damu. Kila mteja anayepita humwambia pole na kazi, naye hujibu "nishapoa" bila kuinua macho kwenye karai. Hiyo nishapoa nimeisikia maelfu ya mara na sikuwahi kuitilia shaka, kwa sababu ilinifaa. Azimio la Arusha lenyewe, mwaka 1967, lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kupita watu wote nchini, na kwamba wanaume wa huko wako likizo nusu ya maisha yao. Shuleni tulilikariri Azimio kwa ajili ya mtihani. Sikudhani linazungumzia mkeka wangu.

Na kulikuwa na dalili. Dada alikuwa anakula udongo, ule unaouzwa sokoni umefinyangwa kama vidole. Nilimcheka, nikamwambia atakuja kuota mche tumboni. Akipanda kimlima husimama katikati akijifanya anafunga kanga. Siku moja alisinzia karibu na karai la mafuta ya moto, nami nikamfokea. Unajua nilimwambia nini? "Kwani jana umefanya nini hata usinzie?" Maneno ya mjomba, yametoka kinywani mwangu bila kubadilishwa hata nukta.

Basi nikamwambia kwa wiki mbili nitaamka mimi. Alicheka, lakini alikuwa hana nguvu ya kubisha. Maandazi yangu ya siku tatu za kwanza tuliyala wenyewe, wateja hawakuyataka. Yeye akalala mpaka saa moja kila siku, masaa manane kamili. Mwisho wa wiki ya pili nikamuuliza anajisikiaje, nikitarajia shukrani. Akakaa kwenye kile kigoda changu, akafikiri sana, akasema taratibu, kana kwamba anaungama dhambi, "Mdogo wangu, mie bado nimechoka."

Tukaenda kupima. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Karibu mmoja katika kila wawili, kila nyumba, kila kibaraza. Kwa hiyo haikupaswa kutushtua. Damu ya dada ilikuwa 6.8. Yangu, mwaka ule wa kelele zote, ilikuwa 7.9.

Hakumpigia mtu simu. Aliitazama karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye fundo la kanga pamoja na chenji. Akauliza vidonge ni bei gani. Kisha akauliza nani atakanda unga kesho. Nikamwambia mimi, na kesho kutwa, na mpaka damu itakapofika 12. Akasema sawa. Lakini usiku ule nilipopita kwenye kitanda chake niliona ametega alamu ya simu, saa kumi, kama kawaida.