Wasia kwa Wazazi wa Vijana Waliomaliza Skuli

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mpaji wa uhai na siha, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu wa pwani! Kila mwaka mwezi wa Novemba, vijana wa kidato cha nne wamalizapo mitihani, hurejea makwao. Wasichana watokao Kifungilo, katika milima ya Usambara, hupita Lushoto na Soni wakashuka hata Mombo, na wa kwetu wakashika njia ya Tanga. Nasi wazazi huwapokea kwa furaha, tukachinja kuku na kupika pilau. Furaha hiyo ni haki yao. Lakini natuyatazame yafuatayo baada yake.

Skuli ya Kifungilo ni ya masista wa Kikatoliki. Dini yao si dini yetu, lakini haki yapasa isemwe. Mtoto akaaye bweni huamshwa na kengele kabla ya jua. Kengele humwita kwenye usafi, chakula, masomo na michezo, na kengele humlaza. Tena nchi ile ni ya milima: kila aendako hupanda au hushuka kwa miguu. Basi mwili wake hutunzwa, hata asipojua kuwa watunzwa.

Arudipo kwetu, kengele hunyamaza. Alfajiri humpita yu usingizini, kwani usiku kucha alikuwa na simu mkononi. Chai yake ni soda na maandazi, na chakula chake cha usiku ni chipsi. Binti hufungiwa ndani asitembee; kijana mwanamume huachwa barazani akajifunza sigara na mirungi. Nasi twasema: "Mwacheni apumzike." Aliyechaguliwa kuendelea na kidato cha tano hungoja hata Julai, na asiyechaguliwa hana wa kumwamsha tena. Miezi saba yatosha kabisa kumtia mtu tabia atakayoichukua mpaka uzeeni.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kwamba neema mbili huwapunja watu wengi, nazo ni afya na faragha. Ni nani mwenye zote mbili kuliko kijana aliyemaliza skuli jana? Na maradhi ya sukari na shinikizo la damu hayapigi hodi. Huingia kimya, na mwenye nyumba hupata habari wakati mali imekwisha ibiwa.

Huenda mtu akasema: "Afya ni majaaliwa." Ni kweli. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu.

Wala dawa haiko mbali. Adhana ndiyo kengele yetu, na yalia mara tano kila siku. Mwenye kuamka kwa sala ya Alfajiri hana budi kulala mapema. Matabibu wa Shirika la Afya Duniani wataka mtu mzima autaabishe mwili wake walau dakika 150 kwa juma, hata kwa kutembea kwa haraka. Basi aendaye msikitini kwa miguu dakika 15, akarudi kwa dakika 15, kwa sala moja tu ya kila siku, hutimiza hesabu hiyo kwa siku 5. Ama chakula, tumeusiwa theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, na theluthi kwa pumzi. Soda moja ya chupa ndogo ina sukari ya gramu 30 na zaidi. Hiyo haina theluthi yake.

Na binti zetu je? Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.). Mara ya kwanza alimshinda. Baadaye, mwili ulipokwisha nenepa, akashindwa. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona haya kukimbia na mkewe, wewe una udhuru gani wa kumkataza binti yako asitembee na ndugu zake asubuhi, kwa stara na heshima?

Mwisho wa maneno ni juu yetu sisi wenyewe. Mtoto hafuati ulimi wa baba, hufuata nyayo zake. Baba aendaye msikiti wa mtaa wa pili kwa pikipiki, na sigara kidoleni, atamwamuru nani? Miili hii ni amana, na tutaulizwa juu yake, wetu na wa watoto tuliopewa. Binti ametunzwa miaka minne mlimani na watu wasio wa dini yake. Ni aibu gani akija kuharibikiwa katika nyumba isaliwayo!

Ewe Mola wetu, tupe afya, utupe na akili ya kuihifadhi, na uwaongoze watoto wetu. Amin.

Wabillahi taufiki.