Bei ya Maji ya Bure

Husemwa kuwa maji ni tunu ya Mungu, na kuyauza ni aibu iliyo jirani na dhambi. Kauli hiyo ina heshima yake. Lakini mvua hushuka yenyewe. Bomba hutaka chuma, dizeli, fundi, na mtu wa kuamka alfajiri afungue koki.

Tanzania ililijaribu jambo hili kwa vitendo. Mwaka wa 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20, ili ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Nia ilikuwa adilifu. Serikali ilichimba, ikajenga, ikajitwika matunzo. Mwaka ulifika, lengo halikufika. Mitambo mingi ilinyamaza kwa kukosa mafuta na vipuri. Mpira mdogo wa pampu ulipochakaa, mnywaji alimngoja mtoaji, na mtoaji alikuwa mbali. Sera ya maji ya mwaka 2002 ikawataka wanakijiji wenyewe walipie uendeshaji na matengenezo.

Je, ni haki kumdai maskini? Jibu la haraka ni la hatari. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Mwanamke anayechota mara nne kwa siku mita 400 kutoka kwake hutembea zaidi ya kilometa tatu, nusu yake akiwa na mzigo kichwani. Na huyo ndiye mwenye bahati, ambaye lengo la 1971 limemfikia. Aliye mbali zaidi hulipa zaidi, kwa shingo yake na kwa masomo ya binti yake, wala hakuna mhasibu aliyewahi kuyaandika malipo hayo. Yaliyoitwa maji ya bure yalikuwa na bei siku zote.

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Tamko jema, ingawa halizungushi pampu. Senti za mchotaji huizungusha, tena humpa kitu ambacho zawadi haimpi: ujasiri wa kuuliza. Apewaye huona haya kudai. Alipaye husimama mkutanoni akataka daftari lisomwe. Basi mwenye ng'ombe wengi na alipe zaidi, na mjane asiye na senti achote bila kulipa, kwa uamuzi uliotangazwa mbele ya wote. Naye mweka hazina anapolisoma daftari, mjane huyo ana haki ya kuuliza sawa na mwenye ng'ombe.