MAHARAGE YA BARZILAI

Somo: 2 Samweli 17:27-29

  

Safari hii tumeona vema kuzungumza juu ya chakula ambacho hakuna hata mmoja wetu asiyekijua, yaani maharage. Wenyeji wetu wanayaita ibishyimbo, ndugu wa Kinshasa wanasema madesu, na sisi wa Kivu tunasema maharagi. Labda mtu atacheka na kuuliza, je, siku hizi kuna mahubiri ya maharage? Tunamjibu kwamba Bwana wetu alifundisha kwa chachu, kwa chumvi na kwa punje ya haradali, vitu vilivyokuwa jikoni na shambani kwa watu wake. Sisi jikoni kwetu kuna maharage.

1. Mfalme aliyekuwa mkimbizi

Tusome habari za Daudi. Mwanawe Absalomu alimpindua, naye akatoka Yerusalemu akipanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, amefunika kichwa, analia (2 Samweli 15:30). Walivuka Yordani usiku, na kulipopambazuka hapakuwa na mtu aliyebaki ng'ambo. Wengi wetu hatuhitaji kuelezwa kuvuka usiku ni nini.

Walipofika Mahanaimu, watu watatu waliwaletea vitanda, mabakuli, vyungu, ngano, shayiri, unga, maharage, dengu, asali, siagi na kondoo. Ikiwa Biblia yako imeandika kunde, usishangae, maana hizo zote ni jamii moja. Na sababu ya kuleta vitu hivyo imeandikwa wazi: walijua kwamba watu hao wana njaa, wamechoka, na wana kiu.

Basi tuwaangalie watu hao watatu. Wa kwanza ni Shobi wa Raba, mji wa Waamoni. Mji huo Daudi aliupiga vita na kuuteka (2 Samweli 12:26-31). Wa pili ni Makiri wa Lodebari, ambaye nyumbani kwake alikuwa amemtunza Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli (2 Samweli 9:4-5). Wa tatu ni Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80. Mmoja ni wa taifa lililoshindwa vitani, mwingine ni rafiki wa nyumba iliyompinga Daudi, na mwingine ni mzee ambaye angeweza kusema, "Mimi nimechoka, acheni vijana wahangaike." Hata hivyo hakuna aliyeuliza kabila wala deni la zamani. Waliona njaa, wakaleta maharage.

2. Maharage yenyewe ni mgeni

Wengi hudhani maharage yalizaliwa katika vilima hivi. Sivyo. Maharage haya tunayokula yalilimwa kwanza na watu wa Amerika, katika nchi kama Meksiko na milima ya Peru. Wareno ndio walioyaleta Afrika kwa merikebu kuanzia karne ya 16. Leo Rwanda ni mojawapo ya nchi ambazo watu wake wanakula maharage mengi kuliko wote duniani. Ni nyumba ngapi za hapa zisizokuwa na chungu cha maharage? Mgeni amekuwa mwenyeji, hata watu wamesahau kwamba alitoka mbali.

Tena mgeni huyu hakuja kula rutuba tu. Ng'oa shina la maharage, utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Ndani yake wanaishi vijidudu vinavyochukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Baada ya mavuno, mizizi na majani yakiachwa yaoze shambani, udongo unapata nguvu kwa mazao yatakayofuata.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli kwamba wajenge, wapande bustani, na wautafutie amani mji walipo (Yeremia 29:5-7). Ndugu, tukiwa hapa tusiishi kama watu waliokaa juu ya sanduku wakisubiri gari. Anayejua kushona ashone, anayejua kufundisha watoto afundishe, mwenye kipande cha udongo nyuma ya nyumba apande. Hata gunia lililojazwa udongo linaotesha mboga. Siku tutakapoondoka, kwenda nyumbani au nchi ya tatu, mahali tulipokaa pawe pazuri kuliko tulivyopakuta.

3. Maharage hupanda kwa fimbo

Mwenye kupita Musanze au Gicumbi ameona maharage marefu yanayopanda juu ya miti. Yalienea sana Rwanda tangu miaka ya 1980, kwa kuwa ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Katika kipande kilekile cha shamba, maharage hayo yanaweza kutoa mara mbili, hata mara tatu, ya yale mafupi. Lakini yana sharti moja: yawekewe fimbo. Bila fimbo yanatambaa chini, yanaoza kwa mvua.

Ni hivyo hata kwa muumini. Kijana aliyemaliza shule asipate kazi anahitaji fimbo. Mama aliyebaki peke yake na watoto watano anahitaji fimbo. Na fimbo si kitu cha fahari. Ni mti mkavu tu uliosimama imara. Mtume Paulo alituagiza tuchukuliane mizigo (Wagalatia 6:2). Pengine wewe unajiona huna matunda. Simama, mwenzako apande kwako.

4. Chagua mawe, acha rangi

Akina mama wanajua kazi hii kuliko wahubiri. Unamwaga maharage kwenye ungo, unatoa mawe, unatoa yaliyobunguliwa na wadudu. Lakini rangi huzitoi. Wakulima wa Rwanda tangu zamani walipanda maharage mchanganyiko, mekundu, meupe, ya njano, meusi, yenye madoa, kwa sababu ugonjwa au mvua ikiharibu aina moja, nyingine inabaki.

Katika ibada yetu tumo watu wa makabila mengi na lugha nyingi. Wengine walipigwa na watu wa lugha ya jirani yao wa benchi. Hatusemi mambo hayo yasahauliwe kana kwamba hayakutokea. Tunasema kwamba kinachotolewa kwenye ungo ni mawe: chuki, masengenyo, kulipiza kisasi. Rangi ni kazi ya Mungu. Mwenye kutoa rangi akaacha mawe, atavunja meno ya watoto wake.

5. Mbegu haikuisha

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wataalamu wa kilimo waliogopa kwamba mbegu za maharage za Rwanda zimepotea. Wakaanzisha mpango walioupa jina la Mbegu za Tumaini, wakakusanya mbegu kutoka nchi jirani na kutoka ghala za utafiti za nje ili kuzirudisha. Walipokwenda vijijini kuuliza, walikuta wakulima wengi bado wana mbegu zao za maharage, au wamezipata sokoni na kwa majirani. Katikati ya kifo kile, kuna mikono iliyohifadhi mbegu.

Sisi nasi tuna mbegu. Masomo ya watoto ni mbegu. Lugha ya mama ni mbegu. Maombi ya jioni nyumbani ni mbegu. Njaa inapobana, mtu hushawishika kula mbegu yote: kumtoa mtoto shuleni, kumwoza binti angali mdogo. Tunawasihi kwa jina la Bwana, mbegu isiliwe. Kabla hujafika huko, mwite shemasi, mwite jirani. Hilo si aibu.

6. Neno kwa akina mama

Mwili nao ni hekalu, kwa hiyo tusipite bila neno la jikoni. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa moto mkali mpaka yaive kabisa. Makaa yatapungua, kwa kuwa yaliyolowekwa huiva mapema. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayoumiza tumbo, hasa kwa watoto.

Tena, tangu mwaka 2010 Rwanda imetoa aina za maharage zenye madini ya chuma kwa wingi, kwa ajili ya kuongeza damu. Utafiti uliofanywa Huye na kutolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokula maharage hayo kwa siku 128 walipata nafuu ya damu kuliko waliokula ya kawaida. Mwenye shamba aulize mbegu hizo. Asiyezipata, ale maharage yake pamoja na nyanya au limau, na chai ainywe saa nyingine, maana chai inazuia chuma kisiingie mwilini.

7. Jambo linalotusumbua

Sasa tuseme jambo lililotufanya tuandike. Mwaka 2021 posho ya PAM ilipunguzwa, na tangu mwaka huo wakimbizi wakagawanywa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji. Katika mgawanyo huo wengine walipata kamili, wengine nusu, na wengine hawakupata kitu. Tangu hapo minong'ono imeingia kanisani. Wa kambini wanasema, "Wa Kigali wana kazi, wametusahau." Wa Kigali wanasema, "Wa kambini wanapewa, sisi tunalipa nyumba, maji na kila kilo ya maharage pale Kimironko." Na ndani ya kambi, asiyepata anamtazama anayepata kama mwizi.

Wapendwa, makundi hayo ni ya karatasi. Tumbo halijui kundi. Aliyepanga majina si jirani yako, na ukimchukia jirani yako posho haitaongezeka hata punje moja. Shetani anafurahi sana akiona watu wawili wenye njaa wakigombana juu ya sahani ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipakua.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kila nyumba ilete maharage kwa kadiri iwezavyo: kilo, kopo, au kiganja kimoja. Mashemasi watayapokea katika gunia moja bila kuandika jina la mtu. Aliye katika kundi lisilopata atachukua bila kuulizwa maswali, na mwezi atakaokuwa nacho ataleta. Haba na haba hujaza kibaba. Wa Kigali watume kambini, na wa kambini wasione haya kutuma Kigali, kwa kuwa hapa pia kuna nyumba ambazo watoto wanalala na chai tupu. Wala asiwepo wa kutoa tu au wa kupokea tu.

Daudi hakusahau maharage yale. Aliporudishiwa kiti chake alitaka kumchukua Barzilai akae naye Yerusalemu, na mzee alipokataa, Kimhamu alikwenda badala yake (2 Samweli 19:31-38). Hata karibu na kufa kwake, Daudi alimwagiza Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai (1 Wafalme 2:7). Watoto wetu watakapokuwa watu wazima, mahali popote Mungu atakapowapeleka, watakumbuka nani aliwaletea bakuli. Heri wakumbuke kwamba lililetwa na mtu wa lugha nyingine.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyewalisha watu jangwani, utazame vyungu vyetu. Toa mawe mioyoni mwetu. Linda mbegu tuliyobaki nayo. Uwabariki wenyeji waliotupokea, na utupe neema ya kugawana kidogo tulicho nacho mpaka siku ile utakapotufikisha nyumbani. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.