Je, Anayejigeuza Katika Mchezo Anasema Uongo?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa parokia yetu ya Butembo alinisubiri mlangoni pa sakristia. Mkononi alishika simu ya mwanawe. "Padri," akasema, "mtoto wangu amejipa jina lingine. Humu ndani haitwi kwa jina la ubatizo. Ana sura nyingine na nguo nyingine, anajifanya mzee mwenye mvi. Nimemwuliza, anasema ni mchezo. Je, huo si uongo?"

Nilikuwa na haraka, maana kulikuwa na watoto wa kubatizwa. Nikamjibu, "Mama, vijana wanacheza tu, usihangaike." Akanitazama kidogo, kisha akasema polepole: "Padri, waliomwua ndugu yangu kule upande wa Oicha walikuja wamevaa nguo za askari. Na wao walijigeuza." Akaenda zake. Nami nikabaki na aibu kwa jibu langu.

Ndugu msomaji, swali la mama huyo si la kitoto. Tangu Oktoba 2014, watu wa Beni, Mbau, Oicha na Eringeti wamezika wapendwa wao mara nyingi mno, na mara nyingi waliookoka walisimulia habari moja: kwamba wauaji walivaa kijeshi, na watu hawakukimbia mapema kwa sababu walidhani ni walinzi wao. Nasi wa Butembo twakumbuka Jumapili ya Matawi, tarehe 20 Machi 2016, Padri Vincent Machozi wa Shirika la Waasumsio alipouawa kwa risasi kule Vitungwe-Isale. Walioshuhudia walisema vilevile: watu wenye nguo za kijeshi. Katika nchi kama hii, mama akimwona mtoto wake amevaa sura isiyo yake, hata kama ni katika kioo cha simu, moyo unashtuka kwa haki.

Basi, juma lile nilimwita kijana, tukaketi barazani, nikamwomba anifundishe mchezo wake. Ana miaka kumi na saba, anasoma vizuri, na katika kwaya ni sauti ya pili. Nilidhani nitaona bunduki na mbio. Kumbe sivyo. Ni mji wa kubuni, na ndani yake watu wadogo wanatembea, wanauza, wanashitakiana, wanafunga ndoa na kufanya mikutano. Kila mchezaji, awe Kinshasa, Bujumbura au Ubelgiji, amejichagulia mtu wa kumwigiza, na husema na kutenda kama mtu huyo angalivyosema na kutenda. Michezo ya namna hii si ya jana. Huko Marekani walianza kuicheza mezani kwa karatasi na dadu mwaka 1974; na mwaka 1978 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle, wakaanza kuutengeneza mmojawapo wa ile ya mwanzo ambayo watu wengi waliweza kuicheza pamoja kwa njia ya kompyuta, kwa maneno matupu bila picha yo yote.

Jambo moja lilinistaajabisha. Juu ya kichwa cha kila mtu katika mchezo ule huandikwa jina lake. Sasa, yumo mwizi mmoja ambaye siku ile alivaa joho la mtawa, akafunika uso, akaingia sokoni. Nikamwambia kijana: "Lakini jina lake ninaliona pale juu. Ni yule mwizi wa jana. Mkamate!" Kijana akacheka. "Naliona, Padri. Lakini mzee wangu hajaliona. Mimi ninajua, yeye hajui. Nikimkamata sasa nitakuwa nimevunja adabu."

Hebu tafakari kidogo jibu hilo. Kijana anajua, na hakitumii anachokijua. Hakuna polisi wa kumlazimisha, wala mashine haimkatazi. Anajizuia kwa kumheshimu mwenzake, ambaye huenda hatamwona kamwe, kusudi yule naye apate nafasi ya kuigiza vizuri. Tena akaniambia adabu nyingine. Ukitaka kumjeruhi au kumwua mtu wa mchezo aliye wa mwenzako, waomba ruhusa kwanza. Mchezaji akitaka kusema kwa nafsi yake mwenyewe, si kwa kinywa cha yule anayemwigiza, huandika maneno katika mabano. Na hapo wote hujua kwamba sasa anasema mtu kweli. Akiandika katika mabano, "Tafadhali tuache jambo hili, linaniumiza," basi mchezo husimama. Si wote wanaoshika adabu hizo. Wako wanaotukana, na wako wanaofurahi kuharibu. Lakini sheria wanaijua.

Nilirudi chumbani nikafungua vitabu vyangu vya zamani, kwa maana nilikuwa nakumbuka kwamba Mtakatifu Agostino aligusa jambo hili. Katika kitabu chake cha Soliloquia, alichoandika kabla ya kubatizwa kwake, anatenga watu wa namna mbili. Mmoja ni mdanganyifu: huyu anataka kabisa mwenzake apotee. Wa pili anasema au kutenda yasiyo kweli, lakini hana nia ya kumpoteza mtu; nia yake ni kufurahisha, kama wafanyavyo waigizaji na watu wa mzaha. Anamtaja Roscius, mwigizaji mashuhuri wa Roma, aliyeweza kuigiza mwanamke. Roscius asingalikuwa mwanamke wa uongo, hangeweza kuwa mwigizaji wa kweli. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, karne nyingi baadaye, anafundisha kwamba mchezo una fadhila yake, mradi usiwe na uchafu wala madhara, usimpotezee mtu akili yake, tena ulingane na mahali, wakati na watu. Hata kazi ya mwigizaji hakuiita dhambi.

Kwa hiyo uongo haumo katika kinyago chenyewe. Nauliza: ni nani ajuaye kwamba kinyago kimevaliwa? Kama wote waliomo wanajua na wamekubali, hakuna aliyedanganywa. Yule mwizi mwenye joho la mtawa hakumdanganya mchezaji hata mmoja, maana jina lake lilikuwa pale juu, wazi kama bendera. Waliokutana naye walikubali kutoliona. Mnajua habari ya wana wa Nuhu: baba yao alipolala uchi, Shemu na Yafeti walikwenda kinyumenyume wamebeba nguo, wakamfunika bila kumtazama. Walijua wazi hali ya baba yao. Hawakudanganywa wala hawakudanganya. Walimsitiri. Na Hamu, aliyekwenda kutangaza, alisema kweli tupu, wala haikumletea sifa.

Lakini msomaji mwenye akili atanipinga: "Padri, katika mchezo jina la bandia liko juu, ndiyo, lakini nyuma ya jina la bandia kuna mtu, na huyo hakuna amjuaye. Je, kumficha huyo si uongo?" Hapo pana ugumu kweli, nami nitajibu kwa habari ya kijana mmoja wa Norwe.

Mats Steen alizaliwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli uitwao Duchenne. Alikaa katika kiti cha magurudumu, na mwishowe aliweza kutikisa vidole tu. Kwa miaka mingi alicheza mchezo uitwao World of Warcraft, na humo jina lake lilikuwa Ibelin, mwanamume mwenye nguvu, mkimbiaji, msikilizaji mwema wa shida za watu. Wenzake katika kikundi chao, kilichoitwa Starlight, hawakujua kwa muda mrefu kwamba ni mgonjwa. Wazazi wake nao hawakujua kwamba ana rafiki; walimsikitikia kwa upweke wake. Alikufa Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Wazazi walipoandika habari ya kifo chake, barua zikaanza kufika kutoka nchi mbalimbali: huyu alipatanishwa na mwanawe kwa shauri la Ibelin, yule alifarijiwa naye katika huzuni. Baadhi yao walisafiri mpaka Oslo kumzika. Mwaka 2024 ilitoka filamu juu ya maisha yake.

Je, Mats aliwadanganya? Mimi nasema hapana. Alificha kiti chake cha magurudumu, lakini moyo wake hakuuficha. Wema aliowatendea ulikuwa wema kweli. Mtu ana haki ya siri zake, na siri si uongo. Twajua hivyo vizuri sisi tunaoketi katika kiungamio. Hata malaika Rafaeli alimwongoza kijana Tobia njia nzima akijiita Azaria, na siku ilipofika, mwenyewe alijitaja. Vivyo hivyo Mats: katika miaka yake ya mwisho alianza kuandika wazi habari za ugonjwa wake, akawaambia wenzake. Kulifunua jina ni haki ya mwenye jina. Anayempokonya mwenzake kinyago mbele ya watu ili wamcheke, hata kama asema kweli, amemkosea.

Ni tofauti kabisa na yule ajiitaye msichana ili kumchuna mzungu fedha, au mwenye kutumia jina la padri kuomba michango kwa simu. (Naam, yamenipata hayo, waumini wawili walituma fedha wakidhani ni mimi.) Huyo amekitoa kinyago nje ya uwanja, akakileta sokoni kwetu ambako hakuna aliyekubali kucheza naye. Kwake mimi sina adabu yo yote. Afunuliwe upesi.

Nimefika katika jambo ambalo sisi wa Butembo na Beni tulifundishwa kwa gharama kubwa. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, na ulipotangazwa kuisha, 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mnakumbuka waganga walivyokuja: wamefunikwa tangu utosi hadi nyayo, miwani mikubwa, sauti haisikiki. Hawakujifunika kwa hila, walijikinga. Lakini wananchi waliokwisha kufunzwa na vita kuogopa watu wasioonyesha sura walifanyaje? Waliogopa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, siasa nayo imo, wala siwatetei waliochoma moto. Lakini hofu ya kinyago ilikuwa mojawapo. Wenye hekima walilitambua. Katika kituo cha Beni viliwekwa vyumba vya plastiki angavu, ili jamaa wamwone mgonjwa wao kwa macho, na mgonjwa awaone. Mwuguzi aliyefika nyumbani na uso wazi, akasalimu, akataja jina lake, kisha akavaa mavazi yake mbele ya watu, alipokewa tofauti na yule aliyeshuka garini amekwisha kuvaa. Mavazi ni yale yale. Huyo wa kwanza aliwaomba ruhusa.

Na nguo za askari? Zile ni ahadi: mwenye kuzivaa anasema, "Mimi ni wa kukulinda." Anayezivaa ili amkaribie mkulima katika shamba lake la kakao na kumwua, ameua mara mbili, amemwua mtu, na ameua imani ya kijiji kizima, hata askari mwema akija kesho watu watamkimbia. Hapo kunyamaza kwa aliyetambua sura chini ya kofia si adabu, wala si kusitiri. Aliyetambua ana wajibu wa kusema kwa wakubwa wanaostahili, kwa busara na bila kumsingizia mtu. Najua kusema huko kuna hatari, na siwezi kumlaumu mjane aliyenyamaza kwa ajili ya watoto wake.

Nilimwendea yule mama nyumbani kwake. Nilimwomba radhi kwa jibu langu la haraka, kisha nikamwambia hayo yote kwa maneno machache. Alisikiliza. Akasema kwamba ameelewa habari ya jina lililo juu ya kichwa, lakini moyo wake bado.

Ndipo mwanawe, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasema jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Miezi kadhaa iliyopita, mchezaji mmoja aliingia katika mji wao amejigeuza askari, akaweka kizuizi njiani, akaanza kuwashusha watu na kuwapanga. Wengine walicheka. Yeye alishindwa kuendelea. Aliandika katika mabano: "Mjomba wangu alikufa hivi." Mchezo ukasimama. Walijadiliana usiku ule mpaka saa tano, wakapatana kwamba mjini mwao hakuna atakayevaa nguo za askari bila kuwauliza wenzake wote kwanza. Mmoja alikasirika akaondoka. Waliobaki walikubali, pamoja na yule aliyeweka kizuizi, ambaye alimwomba msamaha kwa jina lake halisi.

Mama hakusema neno. Alikwenda kupanga sahani. Mchezo ule haupendi mpaka leo, naye ameweka sheria yake: saa ya chakula simu inabaki chumbani, na akiita jina la ubatizo, kijana aitike mara ya kwanza.