Mtoto Mmoja Mmoja

Mdogo wangu aliyehamia Marekani alinipigia simu ya video akiwa uani, anaunga trampolini ya wanawe. Nikamwona anafunga springi kwa kuzunguka, moja baada ya nyingine. Nikamwambia: simama! Funga moja huku, nyingine ng'ambo yake, la sivyo kitambaa kitavutwa upande mmoja. Hata turubai la nyumba hatulikazi hivyo.

Wavu akaweka. Kisha akasoma kanuni: mtoto mmoja tu kwa zamu. Akacheka, "Yaya, wako wane!"

Nami nikacheka, halafu nikanyamaza. Sisi hapa Nyarugusu mtoto anayecheza peke yake tunamwita mchoyo. Lakini wakiruka wawili, mzito akitua, mwepesi hurushwa juu asivyotaka, na ndipo mifupa inavunjika. Je, kumwambia asubiri ni kumnyima? Mimi naona hapana: wanaosubiri wamhesabie mwenzao kwa sauti, nao wamo mchezoni. Mdogo wangu akanijibu kwamba nimezoea mno foleni ya mgao, eti hata furaha naipanga mstari.

Hilo lilinichoma, maana ni kweli. Kanuni sikuifuta, lakini. Nikamwomba akaze tena kila bolti, asome uzito unaoruhusiwa, aruke yeye kwanza. Wanawe wakamhesabia mpaka kumi na saba.