UPANGA HAUSHIBI!

Kijana mwenzangu uliyepewa karatasi hii, simama kidogo! Pengine uko mpakani unabadili kwacha, pengine unasubiri mzigo, pengine umekuja mkutanoni kusikiliza vyombo tu. Sawa. Usiitupe kwanza. Nakuuliza neno moja: mtu akikupiga, na wewe ukampiga, ugomvi umekwisha?

TAREHE 7 AGOSTI 1998

Ijumaa hiyo asubuhi mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, Dar es Salaam na Nairobi. Dar walikufa watu 11, Nairobi 213. Waliolipua walidai wanapigana na Marekani, lakini wengi waliokufa ni Waafrika waliokwenda kutafuta riziki. Ugaidi ni dhambi! Damu ile inalia mbele za Mungu kama damu ya Habili.

Lakini ona kilichofuata. Siku 13 baadaye Marekani ikajibu kwa makombora, Afghanistan na Sudan. Kule Khartoum kilichobomolewa ni kiwanda cha dawa. Je, ugaidi uliisha? Wapi! Mwaka 2001 ikapigwa New York, wakafa karibu watu 3,000. Vikaja vita vya Afghanistan, vikaja vya Iraq. Vya Afghanistan vilidumu miaka 20, na mwaka 2021 Taliban walewale walioondolewa wakarudi kutawala. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walikadiria kwamba vita hivyo vya kupambana na ugaidi vimeua watu kama laki 9 na kugharimu dola trilioni 8. Trilioni nane! Na magaidi bado wapo.

TUSIENDE MBALI

Jirani zetu Kenya walipeleka jeshi Somalia Oktoba 2011 kupambana na Al-Shabaab. Walikuwa na sababu, watu walikuwa wakitekwa. Lakini tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, Al-Shabaab wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa. Wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, vijana wa umri wako. Wale hawakumtuma askari hata mmoja popote!

Na kusini yetu, ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado imewaka tangu Oktoba 2017. Oktoba 2020 moto ule ukavuka mto, ukafika kijiji cha Kitaya, Mtwara. Tena kati ya waliokwenda kushika bunduki huko wamo vijana wa Kitanzania. Kijana hana kazi, ana hasira, anakuja mtu mwenye maneno matamu na ahadi ya pesa. Basi, amekwisha.

NA HAPA TUNDUMA?

Utasema, "Mwinjilisti, hayo ni ya huko." Sikia. Siku moja kwenye foleni ya malori niliona vijana wageni wameshushwa kwenye lori walimofichwa. Wamekonda, midomo imekauka. Mmoja akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba ametoka Somalia, anakimbia vita. Watu wakaanza, "Gaidi huyo! Mpigeni!" Mimi nilikuwa na Biblia kwapani, nikanyamaza. Polisi ndio waliomchukua kabla mawe hayajaanza. Nimetubu, lakini macho yake ninayaona mpaka leo. Amewakimbia magaidi, sisi tukamwita gaidi! Hiyo nayo ni gharama ya vita: inatufanya tumwogope aliyeumizwa.

PETRO NA UPANGA WAKE

Usiku Yesu alipokamatwa, Petro alichomoa upanga akamkata sikio Malko (Yohana 18:10). Petro alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini huyo Malko alikuwa nani? Mtumwa tu! Mkubwa aliyemtuma hakuguswa. Ndivyo vita vilivyo mpaka leo. Yesu akamwamuru Petro aurudishe upanga (Mathayo 26:52), kisha akaliponya sikio la adui (Luka 22:51).

Sisemi serikali isilinde watu wake. Mlinzi ana kazi yake, soma Warumi 13. Wala usidanganywe kwamba hivi ni vita vya Wakristo na Waislamu. Waislamu wengi mno wameuawa na magaidi haohao. Ninachosema ni hiki: bomu linaua mtu, haliui chuki. Chuki inakaa moyoni, na moyoni haingii askari. Anaingia Yesu.

Sasa wewe, una nani moyoni? Aliyekudhulumu? Baba aliyekukimbia? Usiku wa leo, kabla hujalala, mtaje kwa jina, kisha omba hivi:

"Bwana Yesu, nimechoka kubeba kisasi. Nisamehe dhambi zangu, nami namsamehe huyu. Ingia moyoni mwangu, uondoe upanga. Amina."

Umeomba kwa kweli? Basi kesho mgeni akishushwa kwenye lori, usiokote jiwe. Mpe maji anywe.