Je, Kujua Sababu Kwapunguza Imani?

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba kumfundisha mtoto sababu za mambo ya maumbile ni kumfungulia mlango wa ukafiri. Wakiulizwa kwa nini maji ya mtungi huwa baridi hata wakati wa jua kali, hujibu, "Ni kudra ya Mungu," kisha humkemea aliyeuliza. Nasi twasema: jibu lao ni la kweli, walakini katika kule kukemea ndimo mlimo na makosa.

Natuutazame huo mtungi. Maji ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli, nazo hazitulii kamwe; baadhi yake huenda mbio na baadhi polepole, na kila mwendo wao ukizidi, joto nalo huzidi. Udongo wa mtungi una vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji hupenya humo yakatokeza nje. Hapo zile molekuli zenye mbio zaidi huponyoka zikawa mvuke, zikabaki zenye mwendo mdogo. Basi maji yaliyosalia hupoa. Na hewa inapojaa unyevu, molekuli nyingi za mvuke hurejea majini, kwa hivyo mtungi haupozi sana.

Je, ni lipi katika haya lililompunguzia Mwenyezi Mungu uwezo Wake? Ni nani aliyezitia chembe hizo katika nidhamu hiyo?

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), ndiye aliyeshikilia kwamba moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake wenyewe, bali Mwenye kuunguza ni Mungu. Juu ya hayo, katika Al-Munqidh min al-Dhalal alimlaumu rafiki mjinga wa Uislamu, adhaniaye kuwa ainusuru dini kwa kuzikanusha elimu zilizothibiti, kama hesabu za kupatwa kwa jua. Kwani mwenye kuzijua elimu hizo kwa dalili hatazitilia shaka. Ataitilia shaka dini.

Hilo ndilo tulichelealo kwa vijana wetu. Kijana afundishwaye haya skuli, kisha akaambiwa nyumbani achague baina ya mwalimu wake na Mola wake, waliomtia katika fitina hiyo ni wazee wake, wala si elimu. Basi enyi wazee, mtoto akiuliza, mwambieni sababu, kisha mwambieni na Mwenye kuziumba sababu. Na asiyejua na aseme, "Sijui," kwani neno hilo halimtoi mtu katika imani.